Mgavi Akichelewa, Nani Aulizwe?

Ijumaa jioni, tarehe 17 Machi 2000, radi ilipiga njia ya umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani. Umeme ukayumba, na ndani ya kiwanda cha chipu cha Philips mjini Albuquerque tanuri moja likashika moto. Wafanyakazi waliuzima wenyewe kwa muda usiozidi dakika 10; zimamoto walipofika hawakukuta kazi kubwa. Visahani vya silikoni vilivyokuwa ndani ya tanuri viliungua, navyo vilitosha kutengenezea chipu za maelfu ya simu za mkononi, lakini hasara hiyo ilikuwa ndogo. Iliyouma zaidi ni ya moshi. Chipu hutengenezwa katika vyumba ambavyo hewa yake huchujwa mpaka chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inakuwa adui. Moshi wa dakika chache, pamoja na maji ya kuuzimia moto, uliharibu mamilioni ya chipu zilizokuwa bado zinatengenezwa.

Kiwanda hicho kilikuwa na wateja wawili wakubwa, wote watengenezaji wa simu, wote kutoka Ulaya ya kaskazini: Nokia ya Ufini na Ericsson ya Uswidi. Kwa pamoja walikuwa wakinunua kiasi cha asilimia 40 ya chipu zake. Jumatatu Philips wakawaarifu wote wawili kwamba mzigo ungechelewa kama wiki moja. Ni nadra katika biashara kupata jaribio safi kama hili, mgavi mmoja, moto mmoja na habari moja vikiwafikia wanunuzi wawili wakati uleule. Tofauti ya yaliyofuata haiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya radi.

Kule Espoo, kwenye makao makuu ya Nokia, kompyuta zilishaanza kuonyesha kwamba mizigo ya Philips ina walakini. Tapio Markki, mtu wa ununuzi aliyepokea simu, hakushtuka, kwani kuchelewa kwa wiki moja ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Lakini hakukaa na habari. Aliipeleka kwa wenzake, na Pertti Korhonen, aliyekuwa akisimamia ugavi, akaziingiza chipu hizo kwenye orodha ya vipuri vinavyoulizwa kila siku badala ya kila wiki. Nokia ikajitolea kupeleka wahandisi wawili Albuquerque wakasaidie. Philips wakakataa, wakihofu kwamba wageni watawaongezea vurugu. Mwisho wa mwezi, Philips walipokiri kwamba kazi ile si ya wiki moja, Nokia ilipiga hesabu ikaona simu kama milioni 4 zimo hatarini. Hapo hata mkurugenzi mkuu, Jorma Ollila, akaingia mwenyewe kwenye mazungumzo na mkuu wa Philips, Cor Boonstra. Walichotaka ni kuonyeshwa uwezo wote uliobaki katika viwanda vingine vya Philips, na upangwe upya. Viwanda vya Eindhoven na Shanghai vikabeba sehemu ya kazi, baadhi ya chipu zikasanifiwa upya ili ziweze kutengenezwa kwingine, na wagavi wa Japani na Marekani wakaombwa waongeze uzalishaji.

Kwa Ericsson, fundi aliongea na fundi mwenzake na habari ikaishia hapo. Jan Wäreby, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha simu, alikuja kuujua uzito wa jambo wiki kadhaa baadaye, na wakati huo nafasi iliyokuwa imebaki sokoni ilishachukuliwa. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1990 kampuni ilikuwa imeachana na wagavi wa akiba ili kupunguza gharama, kwa hiyo kwa chipu ile haikuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mdharau mwiba mguu huota tende: mauzo yaliyopotea yalikadiriwa kufika angalau dola milioni 400. Januari 2001 Ericsson ilitangaza kwamba haitatengeneza tena simu katika viwanda vyake yenyewe, na kabla ya mwaka huo kwisha biashara yake ya simu iliunganishwa na ile ya Sony. Haki inanitaka niseme kwamba moto wa Albuquerque haukuwa sababu pekee. Aina za simu ilizokuwa nazo Ericsson hazikulingana na walichotaka wanunuzi, na hilo lingeiumiza hata kama radi ile ingepiga mahali pengine.

Je, menejimenti ilaumiwe mgavi anapochelewa? Katika tasnia ya chipu swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karibu kila kampuni ni mgavi wa mwingine na mteja wa mwingine, na kuna sehemu za mnyororo ambako duniani pote yupo muuzaji mmoja au wawili tu. Jibu langu ni kwamba kuchelewa kwenyewe mara nyingi si kosa la menejimenti ya mnunuzi, na anayesema kila kuchelewa ni uzembe wa mabosi hajui jinsi chipu inavyotengenezwa. Ila ukubwa wa madhara ni wa menejimenti karibu wote, nao huamuliwa miaka kabla ya moto, pale kampuni inapochagua namna ya kununua na kiasi cha kujua kuhusu anayemuuzia. Mila za uongozi za nchi mbalimbali zimejibu jambo hili kwa namna zinazopishana sana.

Nianze na Detroit. Mila ya ununuzi iliyokomaa katika tasnia ya magari ya Marekani humwona mgavi kama bei. Meneja ununuzi hupimwa kwa senti alizopunguza, na mkataba ni silaha ya kumbana mwenzako. Mwaka 1992 General Motors ilimkabidhi idara ya ununuzi José Ignacio López, Mhispania aliyekuwa amefanya kazi hiyo Ulaya. Alifungua upya mikataba iliyokwisha kusainiwa, akawapambanisha wagavi kwa zabuni mpya na kudai wapunguze bei. Kampuni iliokoa fedha nyingi kweli. Machi 1993 López akahamia Volkswagen, na wagavi wakabaki na kinyongo kilichodumu miaka mingi. Mgavi mwenye kinyongo haibi wala haharibu. Anachofanya ni kumweka mteja huyo mwisho wa foleni siku mali inapokuwa haba.

Foleni yenyewe ilikuja mwaka 2020. Corona ilipofunga viwanda vya magari mwezi Machi na Aprili, watengenezaji wa magari na wagavi wao wakubwa walifuta oda za chipu. Wauza chipu hawakukaa mikono mitupu. Watu walikuwa majumbani, wanataka kompyuta, simu na mashine za michezo, na nafasi iliyoachwa ikajaa. Mwisho wa mwaka magari yakaanza kununuliwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na kampuni za magari zikarudi kuomba chipu. Zikaambiwa zisubiri. Chipu huchukua kati ya miezi 3 na 4 kutoka kisahani kitupu cha silikoni hadi kitu kilichopimwa na kufungwa, ikipita hatua mamia kwa mamia ambazo hakuna namna ya kuziruka. Na kwa TSMC ya Taiwan, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa chipu za watu wengine, magari yote ya dunia yalikuwa kama asilimia 3 tu ya mapato yake ya mwaka 2020. Watu waliozoea kusujudiwa na wagavi wao walijikuta wateja wadogo.

Picha ya kipindi hicho ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Sparta, Kentucky. Ford iliegesha malori yake ya Super Duty kwenye viwanja vya uwanja wa mbio za magari, safu kwa safu, mpaka yakaonekana kwenye picha za setilaiti. Yalikuwa yamekamilika, rangi inang'aa, matairi yamefungwa, ila hayakuwa na chipu za bei ndogo sana ukilinganisha na thamani ya gari. Aprili 2021 Ford ilisema inatarajia kupoteza nusu ya uzalishaji wa robo ya pili ya mwaka. Septemba kampuni ya ushauri ya AlixPartners ilikadiria kwamba tasnia ya magari duniani ingepoteza mapato ya dola bilioni 210 mwaka ule, na magari milioni 7.7 yasingetengenezwa.

Majanga ya kweli yalikuwepo. Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme Texas, na viwanda vya chipu vya Austin vikasimama. Machi moto ukawaka katika kiwanda cha Renesas kule Japani. Siwezi kumlaumu meneja kwa barafu. Na kuhusu kufuta oda, nitakuwa mkweli: Aprili 2020 hakuna aliyejua kama kesho kutakuwa na mnunuzi wa gari, na mtu aliyelinda fedha ili alipe mishahara alikuwa na hoja. Ninacholaumu ni kitu kingine. Kampuni hizi zilikuwa zimenunua chipu kwa miaka mingi kupitia watu wa kati, nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na mtengenezaji, na baadhi ya wakubwa wake walionekana kudhani kwamba chipu ni kama kioo cha pembeni, ukihitaji unaagiza na kinakuja. Huo ni ujinga uliolipiwa mshahara. Ford na General Motors zimekiri kwa vitendo: zote mbili baadaye ziliingia makubaliano ya moja kwa moja na mtengenezaji wa chipu GlobalFoundries.

Mila ya Kijapani husifiwa kwa kinyume cha hayo, na kuna sababu. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin mjini Kariya kiliteketea. Aisin ndiyo iliyokuwa ikiiuzia Toyota karibu vali zote za kugawanya nguvu ya breki, kipuri kidogo tu, na Toyota, kwa kuwa haikuamini kuweka mali stoo, ilikuwa na akiba ya saa chache. Viwanda vya magari vikasimama. Kisha makumi ya kampuni za jirani, zikiwemo ambazo hazijawahi kutengeneza vali maishani mwao, kama watengenezaji wa cherehani wa Brother, zilichukua michoro na kuanza kuchonga bila kungoja kukubaliana bei. Katika muda wa kama wiki moja magari yalikuwa yanatoka tena. Wachambuzi wa uongozi wameandika sana juu ya wiki ile, na wengi waliiona kama ushindi. Mimi naiona kama ushindi na onyo kwa pamoja, kwa sababu ni menejimenti ileile iliyokuwa imeweka kipuri muhimu mikononi mwa kiwanda kimoja chenye akiba ya saa chache.

Onyo lile halikusikika vizuri mpaka tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipokipiga kiwanda cha Renesas cha Naka, mkoa wa Ibaraki. Kiwanda hicho kilitengeneza chipu ndogo za kuongoza injini, breki na mifumo mingine ya magari, na Renesas ilishika sehemu kubwa mno ya soko lake duniani. Kampuni za magari na wagavi wengine walipeleka watu kufukua, kusafisha na kurekebisha mashine, hadi watu kama 2,500 kwa siku, na uzalishaji ukarejea tarehe 1 Juni, mapema kuliko ilivyotangazwa mwanzo. Ninaupenda moyo ule. Lakini la maana zaidi ni kile Toyota ilichojifunza juu yake yenyewe. Ilikuwa ikidhani wagavi wake wamekaa kama piramidi, wachache juu na wengi chini, kiasi kwamba mmoja wa chini akianguka wapo wenzake. Ilipofuatilia ikakuta huko chini wengi wao wananunua kwa watu walewale wachache. Kampuni iliyosifika kwa kuwajua wagavi wake ilikuwa inawajua wa ngazi ya kwanza.

Kilichofuata hakikuwa na mbwembwe. Toyota ilijenga kumbukumbu ya wagavi hadi ngazi za chini kabisa, na ikawataka wauzaji wa vipuri vilivyo hatarini waweke akiba. Kwa chipu, akiba hiyo ilikuwa ya miezi 2 hadi 6. Kampuni iliyouza dunia nzima wazo la kutoweka akiba ikarudi kwenye akiba, angalau kwa kitu hicho. Uhaba wa 2021 ulipokuja, wengine walikuwa wakifunga viwanda wakati Toyota inasema ina chipu za miezi kadhaa. Mwaka huo iliuza magari mengi kuliko General Motors ndani ya Marekani yenyewe, ambako General Motors ilikuwa haijashindwa tangu mwaka 1931.

Kinga hiyo haikuwa ya kudumu. Agosti 2021 Toyota nayo ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40, corona ilipofunga viwanda vya wagavi wake Kusini-Mashariki mwa Asia. Na asidhani mtu kwamba Wajapani wote huwatendea wagavi kama ndugu. Machi 2024 mamlaka ya ushindani wa haki ya Japani iliikemea Nissan kwa kuwakata malipo wagavi wadogo 36, jumla ya takribani yen bilioni 3. Ndani ya mila ileile inayosifiwa kwa subira kuna mkono mzito wa mkubwa juu ya mdogo, na mdogo husema ndiyo kwa sababu hana pa kwenda.

Wanaopenda kueleza haya yote kwa damu na utamaduni hunishangaza. Mtu aliyewaambia wakuu wa viwanda vya Japani mwaka 1950 kwamba kasoro nyingi zinatokana na mfumo, na mfumo ni mali ya menejimenti, alikuwa Mmarekani, W. Edwards Deming. Baadaye alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo ni ya mfumo, na ni yeye aliyesisitiza kwamba kampuni iache kununua kwa kutazama bei peke yake na ijenge uhusiano wa muda mrefu na mgavi. Taiichi Ohno wa Toyota naye alisema wazo lake la vipuri kufika vinapohitajika tu lilitokana na maduka makubwa ya Marekani. Mawazo yamevuka bahari mara nyingi kuliko bidhaa. Kinachobaki nyumbani ni mazoea ya nani anaulizwa baada ya ajali, na ni nani anayeruhusiwa kupeleka habari mbaya juu bila kuadhibiwa. Hata Ufini na Uswidi, nchi mbili zinazopakana na zinazofanana kwa mengi, zilitoa kampuni mbili zilizotofautiana katika hilo.

Uholanzi ina kesi ngumu zaidi kwa hoja yangu. ASML ya Veldhoven ndiyo pekee duniani inayouza mashine za kuchapa chipu kwa mwanga wa urujuanimno wa kupindukia, na mashine hizo zilichelewa kwa miaka, si kwa miezi. Zilitarajiwa katikati ya miaka ya 2000. Zikaingia kwenye uzalishaji wa kweli mwaka 2018 na 2019. Kisa kikubwa kilikuwa chanzo cha mwanga. Ili kuupata mwanga huo, matone ya bati yaliyoyeyuka hurushwa 50,000 kwa sekunde, na kila tone hupigwa na leza mara mbili, pigo la kwanza kulibonyeza liwe bapa, la pili kuligeuza mvuke wa moto mkali. Mgavi wa chanzo hicho, Cymer ya San Diego, alikuwa akitoa wati chache wakati kiwanda kinahitaji 250. Ungemlaumu nani? Cymer haikuwa imelala, ilikuwa inafanya kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyekuwa amekifanya. Hapa lawama haishiki.

Ila angalia kilichofanyika wakati wa kusubiri. Mwaka 2012 wateja watatu, Intel, TSMC na Samsung, walinunua hisa za ASML na kuchangia utafiti wake kwa fedha nyingi. Mnunuzi alikuwa anamlipa muuzaji aharakishe kitu ambacho washindani wake nao wangekinunua. ASML kwa upande wake ikainunua Cymer, ununuzi uliokamilika mwaka 2013, na mwaka 2016 ikakubali kulipa euro bilioni 1 kwa asilimia 24.9 ya kitengo cha Zeiss cha Ujerumani kinachotengeneza vioo vya mashine hizo. Huko Zeiss haikunyang'anywa uhuru wake, ilipewa fedha za kujenga kizazi kinachofuata. Tukitafuta mila ya Kiholanzi na Kijerumani katika jambo hili, naiona hapa. Mgavi asiye na mbadala hatishwi kwa mkataba. Unaingia naye gharama. Mwaka 2017 wati 250 zilipatikana.

Cha kusikitisha ni kwamba Intel, iliyotoa fedha nyingi kuliko wote watatu, ndiyo iliyoteleza. Kwa kizazi chake cha nanometa 10 iliamua kutotegemea mashine hizo, ikajiwekea shabaha kubwa kwa mbinu za zamani, na ikachelewa miaka kadhaa. Julai 2020 ikatangaza tena kwamba kizazi kinachofuata kimerudi nyuma. Kuchelewa huko hakukuwa kwa mgavi yeyote. Intel ilikuwa yenyewe mgavi, na watengenezaji wa kompyuta waliokuwa wakiisubiri walianza kuhamia kwa mshindani wake, AMD. Hiyo ni lawama ya menejimenti isiyo na kificho, na bodi ilibadilisha mkurugenzi mkuu mwanzoni mwa 2021.

Sitakaa sana kwa TSMC, ingawa inastahili makala yake. Kampuni hiyohiyo ilijenga viwanda Arizona, Marekani, na Kumamoto, Japani. Arizona ilianza kujengwa 2021. Mwaka 2023 mwenyekiti Mark Liu akasema ratiba inasogezwa kwa upungufu wa mafundi wa kufunga mashine, vyama vya wafanyakazi vikapinga vikali, na maelewano yakapatikana Desemba. Kumamoto ilianza kujengwa Aprili 2022 ikafunguliwa Februari 2024. Vyote vikaanza kuzalisha mwisho wa 2024. Chipu za Arizona ni za hali ya juu zaidi, kwa hiyo ulinganisho si wa haki kabisa. Hata hivyo, kwa ugeni wa kampuni ya Taiwan mbele ya mafundi wa Marekani, kosa lilikuwa la waliopanga ratiba kama vile mafundi ni mashine nyingine ya kuagizwa.

Kila mara meneja anapobanwa husema kwamba mnyororo ni mrefu, na hakuna awezaye kumjua mgavi wa mgavi wa mgavi. Hoja hii imevunjwa mahali ambapo wasomaji wengi wa Kiswahili wanapajua. Ndani ya chipu, tabaka jembamba lenye tantalamu huizuia shaba isipenyeze kwenye silikoni, na sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia hutoka kwenye koltani ya Maziwa Makuu, pamoja na migodi kama Rubaya, katika Masisi, Kivu Kaskazini. Mwaka 2010 sheria mpya ya fedha ya Marekani ilizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Wanunuzi wengi walichukua njia nyepesi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alikuwa ameshasimamisha uchimbaji Kivu na Maniema. Marufuku ilipoondolewa Machi 2011, wateja wakubwa wa elektroniki hawakurudi, wakataka madini yenye vyeti ambavyo mchimbaji wa Kivu hakuwa navyo. Wachimbaji waliokuwa wakilisha familia kwa koleo na beseni walikatwa kwenye mnyororo, na hakuna aliyewapigia simu.

Kuna waliokwenda kuangalia. Intel ilituma watu wake kwenye viwanda vya kuyeyushia madini katika nchi nyingi, kiwanda kwa kiwanda, kwa kuwa hapo ndipo madini ya kila mgodi hukutana kabla ya kutawanyika tena. Januari 2014 ikatangaza kwamba vichakato vyake havina tena madini yanayolipia vita. Mtu anaweza kubishana juu ya ubora wa vyeti hivyo, na watu wa Kivu wana mengi ya kusema. Lakini jambo moja limethibitika: menejimenti ikitaka, au ikilazimishwa, inaweza kuona hadi mwisho wa mnyororo. Ikiwa inaweza kufuatilia gramu za tantalamu kutoka mlimani, inaweza pia kujua ni viwanda vingapi duniani vinavyotengeneza chipu inayozuia lori lake lisitoke getini.

Kwa hiyo simkubalii mkurugenzi anayeweka maneno "uhaba wa chipu duniani" kwenye ripoti ya mwaka na kuendelea na ukurasa unaofuata. Uhaba huwapata wote, lakini mwaka 2000 Nokia haikuumia kama Ericsson, wala mwaka 2021 Toyota haikuumia kama Ford. Anayenunua chipu ana deni la kueleza alifuta oda lini, habari ya kwanza ya kuchelewa ilimfikia nani ndani ya kampuni na ilichukua siku ngapi kufika mezani kwake. Wenye hisa, wafanyakazi waliorudishwa nyumbani na wagavi wadogo waliokatwa malipo wana haki ya kuona tarehe hizo. Msomaji, kama umo katika kundi lolote kati ya hayo, zitafute kwenye ripoti, na usipozikuta waandikie barua uziulize.